Mapeasi Yaliyoanikwa Juu ya Jiwe

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, simu ilipoita. Alikuwa binti mkubwa wa mwalimu mmoja niliyepanga kwake Mkuyuni zamani, na kwa jinsi alivyoanza kuniuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, moja baada ya nyingine, nikajua anazunguka. Mwenye habari njema hazunguki hivyo. Mwisho akasema, "Kaka, mama ametutoka alfajiri." Nikamwomba kinyozi azime mashine kwanza. Tulimzika Misungwi siku ya tatu, kando ya mume wake na mama mkwe wake, na nikiri mapema kwamba pale msibani nilicheka. Sikuwa peke yangu. Kila aliyesimama kutoa neno juu ya yule mama alijikuta anasimulia kituko, na mchungaji mwenyewe mara mbili alilazimika kukohoa kwenye leso. Wasomaji wa safu hii mmenizoea nikilalamika juu ya maji, barabara na wanasiasa. Leo tuwaache wapumzike, niwaeleze habari za matunda.

Tulimwita Mwalimu, kama walimu wote wa nchi hii wanavyoitwa hata wakishaacha chaki. Alizaliwa Njombe kwenye baridi, akaolewa na fundi wa reli, Msukuma wa Misungwi, akamfuata kwenye joto letu hili na mawe yetu haya. Kwa miaka mingi alifundisha sayansikimu katika chuo kimoja cha kina mama, yaani mapishi, ushonaji, usafi na namna ya kuhifadhi chakula. Mume akafariki mapema, akamwachia mabinti wawili, nyumba ya vyumba vinne, na mama mkwe huko Misungwi aliyempenda kama aliyemzaa. Mimi nilikuwa mpangaji wa chumba cha uani, kijana wa gazeti dogo la mjini, mwenye mashati mawili mazuri na maoni mengi. Mwalimu alikuwa na kawaida ya kusahihisha makala zangu kwa kalamu nyekundu akiwa anangoja wali uive, na alinionea mno.

Sifa yake mtaani ilikuwa mapeasi. Kwa wasiolijua tunda hili, ni lile la nyanda za juu, jembamba shingoni na pana chini, ambalo likichumwa likiwa gumu linaweza kusafiri siku nyingi bila kulalamika. Kila mwaka, msimu ulipofika, kaka yake wa Njombe alimpakilia matenga kwenye lori hadi Dodoma, na kutoka Dodoma yakaja Mwanza kwa treni, kila tunda limefungwa gazeti. Mwalimu aliyatandaza chini ya vitanda vya nyumba nzima, pamoja na changu, mpaka yalainike kidogo shingoni. Hapo ndipo kazi inaanza: kumenya, kupasua katikati, kutoa mbegu kwa kijiko cha chai, na kuyatupia kwenye maji ya ndimu yasigeuke rangi. Kisha yanachemka kidogo katika shira, yaani maji ya sukari, yanajazwa yakiwa ya moto kwenye chupa za mdomo mpana zilizochemshwa, na chupa zenyewe zinarudishwa kwenye sufuria kubwa lililotandikwa kitambaa chini zisipasuke. Zikitoka na kuanza kupoa, vifuniko vinajivuta ndani kimoja kimoja, tek, tek, na Mwalimu alikuwa anahesabu milio hiyo huku akijifanya anasikiliza redio. Halafu aliziacha zikae wiki nzima bila kuguswa. Kila asubuhi alipita akibonyeza vifuniko kwa kidole gumba. Kinachonesa, chupa hiyo haijaziba, ni ya kula siku hiyo hiyo, na nakiri kwamba nilikuwa naomba kimoyomoyo vinese vingi.

Kisha ikaja ile miaka ya ruksa, serikali ilipofungua milango ya biashara. Vijana wa leo hawawezi kujua ilivyokuwa kutoka katika foleni ya sukari na kuingia ghafla katika duka lililojaa. Katikati ya mji, pale Nyamagana, rafu zilizokuwa na viberiti na vumbi zikapambwa kwa makopo ya kila rangi kutoka ng'ambo, na kila kopo lina picha ya tunda linalong'aa mpaka unaona haya kulila. Tulinunua kweli. Tulinunua hata mananasi ya kopo, sisi tunaopitwa na mananasi mabichi kila asubuhi mlangoni. Wakati huo huo sangara wetu alianza kukatwa minofu na kupandishwa ndege, nasi tukabaki tunakaanga mapanki, yaani mifupa yenye kichwa na mkia, na tukajifunza kuyasifia utamu. Siwacheki watu wa wakati ule, kwa kuwa nilikuwa mmoja wao. Niliandika makala nzima nikiusifu ustaarabu wa kopo, na Mwalimu akairudisha ikiwa nyekundu tupu.

Lakini ruksa ile ile ilikuja na mkasi. Chuo alichofundisha kilipunguza wafanyakazi, na sayansikimu ikaonekana ni somo ambalo nchi inaweza kuishi bila hilo. Mwalimu akabaki nyumbani na mabinti wawili wa shule. Kaka zake wakaandika barua kwamba arudi Njombe, shamba lipo, nyumba ipo, watoto watasoma huko. Yeye hakutaka. Aliniambia wazi kwamba akiwapeleka watoto Njombe, bibi yao wa Misungwi atawaona mara moja kwa miaka miwili, na yule bibi alikuwa amekwisha kumpoteza mwana wake wa pekee. Kwa hiyo akavaa gauni lake la mahafali, akachukua chupa tatu za mapeasi, akaenda kwa mfanyabiashara mmoja mjini, Mwislamu wa asili ya Kihindi, mtu mwenye duka la familia tangu enzi za babu yake na sifa ya kutosema maneno kumi ambapo matano yanatosha. Mzee yule akaigeuza chupa kwenye mwanga, akabonyeza kifuniko, akamwambia alete arobaini kabla ya kumi la mwisho la Ramadhani. Zikitoka kwa ajili ya Idd, rafu ile itakuwa yake mwaka mzima. Zisipofika, hana nafasi nyingine, rafu ina wenyewe. Mwalimu aliporudi akatuambia sote, mabinti na mimi, kwamba chupa hizo ndizo zitakazoamua kama tunabaki Mkuyuni au tunafunga mizigo.

Chupa arobaini zikajazwa, zikapangwa sebuleni kama wanafunzi mstarini, zikaanza wiki yao ya kukaguliwa. Katikati ya wiki hiyo mwalimu mwenzake wa zamani akafiwa na baba huko Ukerewe. Msiba haungoji. Mwalimu akapanda meli, na ili nyumba isikae na watoto peke yao, akamwita mama mkwe wake kutoka Misungwi. Bibi huyu tulimwita Mayu, neno ambalo kwa Kisukuma ni mama. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi na akili iliyonyooka kabisa. Katika maisha yake yote hakuwahi kulala njaa, na siri yake ilikuwa jua. Viazi vitamu vibichi alivikata akavianika, hiyo ni michembe. Vilivyochemshwa alivikata akavianika, hayo ni matobolwa. Mihogo aliiloweka siku kadhaa kwenye maji, kisha akaianika. Hakuna chakula kilichompita ambacho hakukipeleka juani.

Asubuhi ya pili nilipokuwa nafunga viatu niende kazini, Mayu akaniita sebuleni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanionyesha zile chupa kwa kidevu. Akaniuliza vile viazi vyeupe vimelowekwa tangu lini. Nikamjibu ukweli mtupu kwamba ni tangu Jumapili. Akaguna. Alihesabu kwa vidole vyake vilivyopinda akafika siku ya tano, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema masikini mkwe wangu, msiba umemkuta kabla hajaanika, sasa vitamwozea vyote. Msomaji, hapo ndipo nilipotakiwa kuwa mwanaume. Nilijua fika zile chupa ni za nani na za nini. Nikajikakamua nikasema nadhani Mwalimu alitaka zikae hivyo hivyo. Mayu akanitazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtoto aliyesema mbuzi hutaga.

"Wewe," akaniuliza, "umeshawahi kukausha chakula gani?"

Sikuwa nimekausha chakula chochote. Nilikuwa nimekausha shati. Na mimi nililelewa katika nyumba ambayo mtu mzima akisema jiwe ni kiazi, unauliza lichemshwe kwa muda gani. Mayu hakuweza kufungua vifuniko kwa vidole vile, kwa hiyo akaniomba nimsaidie mara moja tu kabla sijaondoka. Nikavifungua. Vyote arobaini, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikitoa mluzi mdogo wa hewa kama mtu anayevuta pumzi kwa mshangao. Yeye akamwaga shira kwenye ndoo, akanijazia kikombe kwa asante, na mimi nikakinywa chote. Kilikuwa kitamu mno, na kosa lile likazidi kuwa langu. Nilipotoka getini alikuwa ameshaanza kukata mapeasi vipande na kuyapanga juu ya lile jiwe kubwa la nyuma ya nyumba, akiyafunika kwa wavu wa dagaa ili nzi na nyuki wapate shida.

Siku tatu zile sikuandika sentensi ya maana. Kila jioni nilirudi nikamkuta Mayu amekaa kwenye kigoda pembeni ya jiwe, fimbo mkononi, akizuia kuku, akigeuza vipande kimoja kimoja, akiniambia kwamba vinaenda vizuri. Jua la Februari lilikuwa kali na halikuwa na aibu. Mabinti wawili waliniangalia kwa macho yaliyosema kaka, tumekwisha. Siku ya nne Mwalimu akateremka kutoka melini, akaingia sebuleni, akakuta chupa zake arobaini zimeoshwa, zimekaushwa, zimepinduliwa kwenye kitambaa safi. Akapita moja kwa moja hadi nyuma. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango wa chumba changu, nikitazama kwa ufa. Alisimama akaliangalia lile jiwe kwa muda ambao mtu angeweza kusali Baba Yetu mara mbili. Mayu akainuka kwa shida, uso unang'aa, akamweleza kwamba amewahi, hakuna hata kimoja kilichooza.

Mwalimu akageuka, akaingia chooni, akafunga mlango. Alipotoka uso wake ulikuwa umenawishwa. Akaja akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, kama wakwe wa Kisukuma wanavyopiga magoti, akasema, "Asante mama. Umeniokoa." Na mama mkwe akamwinua kwa mkono, akamkalisha kwenye kigoda chake, akamwambia apumzike, safari ya maji inachosha.

Mimi nilidhani ameamua kushindwa kwa heshima. Sikumjua. Asubuhi iliyofuata alinigongea mlango akaniambia nivae lile shati zuri, nimbebee kikapu. Hakuuliza swali lolote, wala mimi sikujitolea kujibu. Njia nzima hadi Nyamagana nilitembea nyuma yake na kile kikapu kimejaa vipande vya rangi ya asali, nikitunga maneno ya kukiri na kuyameza. Dukani mzee akafunua kitambaa, akatazama ndani, akafunika tena. Akasema alimwambia chupa. Mwalimu akamjibu kwamba chupa hamna, aonje. Ilikuwa saa tano asubuhi, na yule mzee alikuwa amefunga.

Nadhani katika historia ya biashara ya Mwanza hakuna mkataba uliowahi kukwama mahali pa ajabu kama pale. Mwenye duka hawezi kuonja, mwenye bidhaa hawezi kuondoka, maana siku zilikuwa zimekwisha na kesho yake ndiyo linaanza lile kumi la mwisho. Mzee akatoa njia, akamwambia aache kikapu aje keshoye kusikia jibu. Mwalimu akamwambia kwa adabu kwamba angependa kungoja. Akakaa kwenye benchi la mbao karibu na mlango, mikono juu ya mapaja, mgongo umenyooka kama yuko kwenye mkutano wa wazazi. Nami nikakaa, ningekwenda wapi. Tulikaa adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Hakunywa maji siku nzima, akisema si adabu kunywa mbele ya watu waliofunga, na kwa kuwa yeye hakunywa mimi pia nikalazimika kufunga kwa mara ya kwanza maishani. Mzee alikuwa akihudumia wateja na kututupia jicho. Alasiri ilipokwisha mteja mmoja akauliza kikapuni mna nini, na mzee akamjibu bado hajui.

Adhana ya magharibi ilipolia akatuita ghorofani kwa familia yake, tukakaribishwa futari. Mama yake mzazi, bibi wa miaka mingi na meno machache, alikuwa amekaa kwenye mkeka. Mzee akaanza kwa tende na maji, kama ilivyo. Kisha akachukua kipande kimoja cha peasi kutoka kikapuni, akakitafuna polepole. Akachukua cha pili. Akachukua cha tatu, akampelekea mama yake, naye akakihamisha shavu hadi shavu kwa muda mrefu kabla hajanyoosha mkono kuomba kingine.

Mzee akauliza, "Nani amekausha hivi?"

Hapa, wasomaji wangu, ndipo angeweza kusema ukweli wa kawaida: kwamba ilikuwa ajali, kwamba yeye ndiye mwalimu wa sayansikimu na yule ni bikizee wa kijijini asiyeelewa, kwamba apewe wiki moja nyingine alete chupa zinazostahili. Ningekuwa mimi ningesema hivyo na kuongeza machozi. Yeye akasema, "Mama mkwe wangu, wa Misungwi. Mapeasi ni ya kwetu, jua ni la kwao." Mzee akatikisa kichwa, akasema vitakaa vizuri pale pembeni ya tende, na akauliza kama yule mama anaweza kuja tena msimu ujao. Kikapu hakikufika Idd. Kiliisha ndani ya siku sita, na wengi walionunua waliamini ni kitu cha Uajemi.

Tangu hapo Mayu alikuwa anakuja kila msimu na fimbo yake. Rafu ikawa ya wanawake wawili: upande mmoja chupa, upande mwingine vifurushi vya mapeasi makavu, na mkwe na mama mkwe wakibishana kwa upendo ni yapi matamu. Mabinti walisoma Mwanza mpaka wakamaliza. Nimefikiri sana wiki hii juu ya miaka ile. Tulidhani soko huria ni kusimama mbele ya rafu ya watu wengine na kuchagua. Huyu mama alielewa kwamba unaweza pia kutia chako rafuni, na kwamba chako si lazima kiwe kile ulichopanga. Wahenga walisema kosa moja haliachi mke. Yeye aliuendeleza msemo huo: kosa la mtu aliyekutakia mema usilitupe kabla hujalionja. Maofisini kwetu leo tunafanya kinyume. Kosa likitokea tunaitisha kikao tujue nani, na tukishamjua nani tunasahau kabisa kuangalia kilichopo juu ya jiwe.

Nami je? Kwa aibu ile nilijitolea kumenya mapeasi msimu uliofuata, na uliofuata, jumla misimu minne, kila Jumapili baada ya ibada, mpaka ndimu ikanichubua vidole. Siku ya kuhama Mkuyuni, nilipokuwa nimeoa na mizigo iko kwenye mkokoteni, nikaona siwezi kuondoka na jambo lile kifuani. Nikamwambia Mwalimu kuna kitu nataka kumweleza kuhusu vile vifuniko.

"Vidole vya Mayu haviwezi kufungua hata chupa ya soda," akasema. "Nilijua kabla sijavua viatu."

Nikamuuliza kwa nini miaka yote hakusema. Akaniambia angesema, ningeomba radhi siku ile ile, tungesameheana, na yeye angemenya peke yake. Akacheka mpaka akashika ukuta. Nilipofungua mdomo kuomba radhi akaniwekea kiganja usoni, akasema niache, msimu bado upo na Mkuyuni si mbali. Nikaenda kumenya msimu mwingine, kisha kazi zikanizidi, kisha maisha, na simu zikachukua nafasi ya ziara. Radhi yenyewe sikuwahi kuitoa, na yeye hakuwahi kuidai. Basi naitoa leo, mbele ya wasomaji wote, nikiwa nimechelewa kwa wiki moja tu. Samahani, Mwalimu. Ni mimi niliyefungua, na shira niliinywa.